Wanga wa Muhogo na Somo la Mnato Mashuleni

Katika nyanda za juu za Kigoma, tangu vilima vya Kasulu hadi Kibondo, muhogo ni nguzo ya chakula cha kila siku. Mizizi yake humenywa, hulowekwa siku kadhaa, huanikwa juani na kutwangwa ili kupata unga wa ugali. Iko njia nyingine pia: mizizi mibichi huparuzwa, hukamuliwa katika kitambaa safi, na maji yake meupe huachwa yatulie katika beseni. Baada ya muda maji hubaki juu na wanga hukaa chini, mweupe na laini kama chokaa.

Mtu akiyamwaga maji ya juu, akabakiza kiasi cha kuulowanisha wanga tu, kisha akatumbukiza kidole polepole, kidole huzama bila taabu. Akipiga ngumi katika beseni lilelile, ngumi hukutana na kitu kigumu. Akiuchota wanga huo na kuufinyanga kwa haraka, hupata tonge; akiacha kufinyanga, tonge hulegea mkononi na kuchuruzika kati ya vidole. Hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa. Lililobadilika ni kasi ya mkono tu.

Wataalamu wa fizikia huziita nyenzo za namna hii viowevu vinavyokakamaa, na kwa miongo kadhaa sasa zimeshughulisha maabara kubwa za ulimwengu. Chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho na minyororo mirefu ya kikemia iitwayo polima huongezwa ndani yake kwa vipimo vidogo ili kubadili tabia yake. Wakati huohuo mwanafunzi wa Kasulu au Kibondo, ambaye huenda ameupiga wanga huo ngumi tangu utoto wake, hukaririshwa darasani kwamba kila kiowevu kina mnato wake maalumu, kana kwamba beseni la nyumbani kwao halipo duniani. Hapana budi hali hiyo irekebishwe. Somo la mnato katika shule za sekondari za nyanda hizi lianzie kwenye beseni la wanga, na kutoka hapo lipande hatua kwa hatua hadi kwenye chembe za nano na polima.

Kanuni ya Newton na mipaka yake

Mwaka 1687 Isaac Newton alieleza katika kitabu chake kikuu kwamba upinzani unaotokea ndani ya kiowevu hulingana na kasi ambayo sehemu za kiowevu hicho zinaachana nayo. Maana yake ni hii. Kiowevu kinapotiririka ni kama matabaka mengi yanayoteleza moja juu ya jingine. Matabaka yakiteleza kwa kasi maradufu, upinzani nao huwa maradufu. Uwiano kati ya upinzani na kasi hiyo haubadiliki, nao ndio uitwao mnato.

Maji, mafuta ya taa na asali iliyo safi hutii kanuni hiyo vizuri sana. Ndiyo maana vitabu vya shule huitumia, na si kosa kuitumia. Kosa ni kuifundisha kana kwamba haina mipaka. Rangi ya ukutani, damu, tope, uji na wanga mbichi, vyote hivi havina mnato mmoja. Baadhi yake hulegea vikisukumwa, vingine hukakamaa. Mwanafunzi asiyeambiwa habari hiyo hubaki na njia mbili tu: ama aamini kwamba kitabu kinasema uongo, ama aamini kwamba mambo ya nyumbani kwao si sayansi. Njia zote mbili ni hasara kwake na kwa taifa.

Vyungu vitatu

Mwalimu hahitaji mashine ya bei kubwa ili kuonyesha mipaka hiyo. Anahitaji vyungu vitatu, au makopo matatu yenye kina. Katika la kwanza atie asali, ambayo Kibondo haikosi. Katika la pili atie uji mzito wa muhogo uliopikwa na kupoa. Katika la tatu atie wanga mbichi uliochanganywa na maji baridi, kwa kuanzia vikombe viwili vya wanga kwa kikombe kimoja cha maji, kisha arekebishe kidogo kidogo mpaka mchanganyiko utiririke ukiinamishwa na ukakamae ukipigwa. Unga wa kawaida wa ugali una nyuzi nyingi. Wanga uliochujwa ndio unaofaa.

Nati ya chuma ifungwe uzi na izamishwe hadi karibu na chini ya kopo. Uzi upande juu, upite kwenye kapi, kisha ushuke upande wa pili ukiwa na mawe ya mizani. Kwanza itafutwe kwa kutumia maji uzani unaotosha kuisawazisha nati tu. Kisha ziongezwe gramu 5, gramu 10, gramu 20 na kuendelea, na kila mara upimwe kwa saa muda ambao nati inatumia kupanda sentimita 5. Kutokana na vipimo hivyo wanafunzi wachore grafu ya kasi dhidi ya uzani ulioongezwa.

Katika asali, uzani ukiongezwa maradufu kasi nayo huelekea kuwa maradufu, na grafu hukaribia mstari ulionyoka. Katika uji, uzani mdogo huweza usiisogeze nati kabisa, lakini uzani mkubwa huipandisha kwa kasi inayozidi uwiano, na mstari hupinda kwenda juu. Katika wanga mbichi mambo hugeuka: mwanzoni nati hupanda vizuri, lakini uzani unapozidi, kasi hukataa kuongezeka, na mstari hupinda kulala. Grafu tatu katika ukurasa mmoja zinatosha kumfundisha mwanafunzi jambo ambalo maelezo ya juma zima hayawezi.

Yafaa izingatiwe zaidi kwamba chungu cha pili na cha tatu vimetoka katika mzizi uleule. Uji na wanga mbichi ni muhogo. Kilichovitenganisha ni moto peke yake. Hata hivyo kimoja hulegea kikisukumwa na kingine hukakamaa. Swali la kwa nini iwe hivyo ndilo mlango wa kuingilia katika elimu yote ya viowevu hivi.

Kwa nini wanga hukakamaa

Wanga mbichi ni mkusanyiko wa punje nzima. Punje ya wanga wa muhogo kwa kawaida huwa na kipenyo cha kati ya mikromita 5 na 35, yaani sehemu ndogo sana ya milimita moja. Punje hizi haziyeyuki katika maji baridi. Huogelea zikiwa zimebanana, na kati ya punje na punje hubaki utando mwembamba wa maji.

Mkono ukienda polepole, utando huo wa maji hufanya kazi ya mafuta ya kulainisha, na punje hupata nafasi ya kupishana. Mkono ukienda kwa kasi, punje husukumwa kabla hazijapata nafasi hiyo. Utando hufinywa, punje hugusana na kusuguana, na papo hapo minyororo ya punje zilizokabana hujengeka tangu kwenye ngumi hadi chini ya beseni. Ni mfano wa watu wanaotoka katika ukumbi wenye mlango mmoja: wakitoka kwa utaratibu hupita wote, wakikimbilia mlangoni kwa pamoja hukwama. Nguvu ikiondolewa, maji hurudi kati ya punje na mchanganyiko hulegea.

Maelezo haya hayakupatikana kwa siku moja. Mwaka 1885 Osborne Reynolds wa Manchester alionyesha kwamba mchanga uliobanana hauwezi kubadili umbo bila kutanuka, ndiyo sababu mchanga wa ufukoni huonekana kukauka kuzunguka unyayo unaoukanyaga. Mwaka 1972 Hoffman, mtaalamu wa Marekani, alichunguza kwa mwanga jinsi chembe zilizokuwa zikienda kwa matabaka yenye mpango zinavyovurugika pale kiowevu kinapokakamaa. Mwaka 2012 Waitukaitis na Jaeger wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba pigo juu ya mchanganyiko wa wanga wa mahindi huzaa mbele yake tabaka gumu linalokua kwa haraka, na hilo ndilo linaloweza kumbeba mtu anayekimbia juu ya mchanganyiko huo. Kuanzia mwaka 2013, hesabu zilizofanywa kwa kompyuta zilitilia nguvu wazo kwamba msuguano wa chembe zinazogusana ndio kiini cha jambo. Swali lililoanza na mchanga na wanga lilichukua zaidi ya miaka 100, na bado halijafungwa.

Sasa moto una kazi gani? Mchanganyiko ukipashwa hadi kufikia takriban nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi, punje hunyonya maji, huvimba na kupasuka. Minyororo mirefu ya kikemia iliyokuwa imefungwa ndani hutoka na kuzagaa ndani ya maji. Minyororo hiyo ni polima. Ikitulia, hujisokota na kushikana kama nyuzi zilizovurugika. Ikisukumwa kwa kasi, hunyooka kuelekea upande wa mtiririko na kupishana kwa urahisi. Kwa hiyo uji hulegea ukikorogwa. Punje zilizokuwa zikigongana hazipo tena.

Viungo vidogo vinavyobadili mambo

Hapa ndipo wanga wa Kasulu unapokutana na maabara za mbali. Kiowevu kinachokakamaa kwa matumizi ya viwandani kwa kawaida hakitengenezwi kwa wanga na maji, kwa kuwa maji hukauka, wanga huoza, na punje huzama. Badala yake hutumiwa chembe za silika, ambayo kikemia ni jamaa ya mchanga, zikiwa ndani ya kiowevu kisichokauka upesi kiitwacho polietilini glikoli. Mwaka 2003 Lee, Wetzel na Wagner, kutoka Chuo Kikuu cha Delaware na maabara ya utafiti ya jeshi la Marekani, walitangaza kwamba kitambaa cha Kevlar kilicholowekwa mchanganyiko wa namna hiyo kilizuia zaidi vipande vilivyorushwa kwa kasi kubwa, na hali kitambaa chenyewe kiliendelea kukunjika.

Tangu hapo watafiti wengi wamejaribu kuongeza viungo vya aina mbalimbali. Matokeo yao yanaweza kupangwa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni chembe za nano, kama vile silika laini sana, mirija ya kaboni au vipande vyembamba vya grafini. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe hizi zikiongezwa kwa kiasi kidogo huingia katika nafasi zilizo kati ya chembe kubwa na kusaidia kuziunganisha. Mara nyingi mchanganyiko huanza kukakamaa katika kasi ndogo zaidi, na ukakamavu wake huwa mkubwa zaidi. Lakini kiasi kikizidi, mchanganyiko huwa mzito tangu ungali umetulia, na tofauti kati ya utulivu na pigo hupungua. Kiungo ni kama chumvi katika chakula: kipimo ndicho chenye kuamua.

Fungu la pili ni polima. Athari yake hutegemea kama minyororo yake inashikamana na chembe au haishikamani. Ikijipanga juu ya chembe kama manyoya ya brashi, huzizuia zisigusane, na hivyo kukakamaa huchelewa. Ikiwa mirefu kiasi cha kushika chembe mbili kwa pamoja, huwa daraja na kuzikusanya. Isiposhikamana kabisa, huweza kuzisukuma chembe zikaribiane, zikajenga mafungu hata kabla ya pigo. Zaidi ya hayo, polima huuongezea mnato ule umajimaji wenyewe unaozibeba chembe. Kwa hiyo anayeuliza kama polima huzidisha au hupunguza ukakamavu hana budi aulizwe kwanza: polima gani, yenye urefu gani, na katika chembe zipi?

Fungu la tatu ni molekuli ndogo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwamba vifungo vya haidrojeni kati ya nyuso za chembe huchangia kukwama kwake, na kwamba urea, ambayo huviingilia vifungo hivyo, hudhoofisha hali hiyo. Urea hiyo ndiyo mbolea inayouzwa katika maduka ya pembejeo.

Fungu la nne ni joto. Mchanganyiko wa silika ukipashwa moto, kwa kawaida huhitaji kasi kubwa zaidi ili ukakamae. Kinga iliyojaribiwa mahali pa baridi tu haijulikani itafanyaje kazi penye jua kali.

Ukubwa wa chembe ni hesabu

Baadhi ya wanafunzi hudhani kwamba neno nano ni pambo la matangazo ya biashara. Hesabu moja ya kidato huwatoa shaka. Kanuni ya Stokes inasema kwamba kasi ya chembe kuzama katika kiowevu hulingana na mraba wa kipenyo chake. Punje moja ya wanga yenye kipenyo cha mikromita 15, na uzito mahususi unaozidi maji kwa nusu hivi, huzama katika maji kwa takriban milimita 0.06 kwa sekunde. Huchukua basi dakika 27 hivi kushuka sentimita 10. Ndiyo sababu beseni hutulia upesi.

Chukua sasa chembe ya nanomita 450, yaani ndogo mara 33 hivi, yenye uzito mahususi uleule. Itazama polepole zaidi kwa mara 1,100 hivi, na safari ileile itaichukua karibu majuma matatu. Chembe ya nanomita 15, ndogo mara 1,000, ingehitaji muda mrefu zaidi mara 1,000,000, yaani miaka 50 na zaidi. Na kwa kweli isingefika, kwa kuwa misukosuko ya molekuli za maji ingeirusha huku na huko daima. Bila shaka katika mchanganyiko uliobanana punje huzuiana, na hesabu hiyo ni ya punje iliyo peke yake. Hata hivyo sababu ya kutafuta chembe ndogo imedhihirika: kinga inayotulia chini ya mfuko wake si kinga.

Majaribio ya viungo darasani

Darasa likishamaliza vyungu vitatu, laweza kuingia katika utafiti halisi. Yatayarishwe makopo manne yenye kiasi kilekile cha wanga na cha umajimaji. La kwanza libaki bila kiungo, liwe la kulinganishia. Katika la pili, sehemu ndogo ya maji ibadilishwe kwa uji mwepesi uliopikwa na kupoa, ambao ni polima ya nyumbani. Katika la tatu uongezwe udongo laini wa mfinyanzi uliochujwa ndani ya maji, au majivu ya pumba za mpunga, ambayo kwa sehemu kubwa ni silika; majivu yaoshwe kwanza ili magadi yake yatoke. Katika la nne iyeyushwe urea kidogo. Kila kopo lipimwe kwa nati na kapi kama hapo awali.

Kabla ya kupima, kila kikundi kiandike utabiri wake na sababu zake. Baada ya kupima, kiandike kilichoonekana, hata kikiwa kinyume cha utabiri. Mwalimu naye asikimbilie kutoa jibu, kwa kuwa matokeo hutegemea kipimo cha maji, ubora wa wanga na joto la siku hiyo. Isemwe wazi pia kwamba udongo wa mfinyanzi si unga wa nano uliotengenezwa kiwandani, wala uji si polima moja safi. Majaribio haya ni mfano wa njia ya utafiti. Hayachukui nafasi ya utafiti wenyewe. Uaminifu wa namna hiyo ni sehemu ya somo.

Tahadhari zisipuuzwe. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na maji yake ya kukamua yasinywewe na mtu wala mnyama. Mwaka 1985 watu wa Tarime walipatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu, baada ya kula katika kipindi cha njaa muhogo mchungu ambao haukuandaliwa kikamilifu. Wanga uoshwe kwa maji mengi. Majivu na udongo vishughulikiwe vikiwa vimelowana, ili vumbi lake lisiingie mapafuni.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kwamba ni aibu kuchezea chakula katika wilaya zilizowapokea wakimbizi kwa miaka mingi, na ambamo magonjwa ya batobato na michirizi kahawia hushambulia mashamba ya muhogo. Pingamizi hili ni la heshima na lastahili jibu la heshima. Darasa zima laweza kufanya kazi kwa kilo chache tu za wanga. Asali hutumiwa katika chombo safi na kurudishwa. Wanga usiotiwa kiungo huachwa utulie, hukaushwa, na hutumika kunyooshea sare za shule. Uliotiwa urea haufai kwa chakula kabisa. Humwagwa shambani, ambako urea ndiko mahali pake.

Wengine watasema kwamba mambo haya hayatoki katika mtihani. Lakini mnato, kanuni ya Stokes, msuguano, uchoraji wa grafu na mpangilio wa jaribio lenye kigezo kimoja kinachobadilishwa ni mambo ya msingi ya fizikia. Mwanafunzi aliyeona kanuni ikivunjika huielewa kanuni hiyo kuliko aliyeikariri. Aidha, majina ya Kiingereza ambayo mtihani wa sekondari unayadai huingia kichwani kwa wepesi pale jambo lenyewe limekwisha kueleweka kwa Kiswahili. Jina lisitangulie mbele ya kitu.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote. Husemwa kwamba kumpa mwanafunzi wa Kibondo kopo na nati, na hali mwenzake wa nchi tajiri ana reometa, ni kumridhisha kwa kidogo na kuuhalalisha upungufu. Kuna ukweli ndani yake. Beseni halipimi nanomita, na hakuna wingi wa juhudi utakaoligeuza kuwa hadubini ya elektroni. Serikali na wafadhili wa elimu wasijifiche nyuma ya ubunifu wa walimu. Maabara zijengwe na vifaa viletwe, hata katika shule zilizo mbali na Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita 1,000. Lakini kusubiri vifaa bila kufanya lolote ni kosa la pili juu ya la kwanza. Tena, mwanafunzi aliyezoea kupima kwa nati na kapi ndiye atakayejua la kuiuliza reometa siku itakapofika. Asiyezoea kuuliza ataifuta vumbi tu.

Kuna faida nyingine isiyosemwa mara nyingi. Magazeti ya dunia yamekwisha kusimulia habari za kimiminika kinachozuia risasi. Mwanafunzi aliyepitia vyungu vitatu anajua kwamba kiowevu peke yake hakizuii risasi. Kitambaa ndicho kinachobeba kazi kubwa, na kiowevu hukisaidia nyuzi zake zisiteleze. Anajua kuuliza kipimo, joto na kasi. Katika zama hizi za madai mengi ya kisayansi, maswali hayo matatu ni ngao.

Funzo la Magamba

Nchi hii ina mfano wake yenyewe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba katika milima ya Usambara, aliona kwamba mchanganyiko wake wa maziwa uliotiwa barafuni ungali moto uliganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Alipouliza, alichekwa. Hakuacha kuuliza. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dokta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye badala ya kucheka aliamuru jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala yao katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza, na hadi leo wataalamu hubishana kuhusu kile kinachoitwa athari ya Mpemba; wapo wanaoithibitisha na wapo wanaoitilia shaka.

Haidhuru ubishi huo utaishia wapi. Lililo muhimu ni kwamba swali lilitoka kwa mwanafunzi aliyekuwa akitengeneza kitu cha kula, na kwamba lilikaribia kupotea kwa sababu ya kicheko. Jibu zuri alilolipata halikuwa maelezo; lilikuwa jaribio.

Vyuo vya ualimu vilivyoko Kasulu, pamoja na walimu wa fizikia na kemia wa wilaya zote mbili, wanao uwezo wa kuanza jambo hili bila kungoja waraka. Muhogo upo, asali ipo, nati na uzi vipo. Siku mwanafunzi wa Kibondo atakaposimama na kueleza kwamba wanga wa mama yake haumtii Newton, asichekwe. Apewe kopo, kapi na daftari, aonyeshe.